Upepo Chini ya Nyumba

Akulina alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kazi yake ilikuwa kutambaa. Kila Jumanne alivaa suruali mbili, buti za manyoya na kofia iliyokwisha kupoteza sura, akaingia uvunguni mwa nyumba za Muustaakh, kijiji chetu cha mgodi kwenye ardhi ya barafu, moja baada ya nyingine kupima baridi ya ardhi. Nyumba zote za kwetu zimesimama juu ya nguzo, na chini yake pana nafasi ya kupita upepo, na mtu mmoja mwembamba anayekwenda kwa tumbo. Katika kila uvungu mgodi umezamisha mrija wa chuma ardhini. Akulina alishusha humo uzi wenye vipimajoto, akasubiri, akaupandisha, akasoma. Kazi ya panya, watu walisema, na kweli jina walilompa ni Panya. Hakujali jina. Alichojali ni mbao.

Maana watu hawasikii. Baridi ikikaza, sakafu ikawa haikanyagiki, mtu mzima na akili zake hushuka akauziba uvungu kwa mbao, magunia, mavi ya farasi, chochote, ili miguu ipate joto. Akulina akikuta kizibo hakupiga hodi. Aliking'oa palepale kwa mtaimbo, akakitupa njiani, ndipo akaja mlangoni kutukana. Aliwahi kumwita mwalimu mkuu mpumbavu mbele ya wanafunzi wake. Mzee mmoja akamuuliza kama ardhi ni mumewe, mbona anaiogopea homa kiasi hicho. Akulina akamjibu kwamba marehemu mumewe hakuwahi kubeba nyumba mgongoni, ardhi inabeba, ndiyo maana anaiheshimu zaidi. Watu walicheka wiki nzima, na mbao zikarudi.

Zilirudi kwa sababu hakuna aliyemwamini. Na hakuna aliyemwamini kwa sababu yake yeye mwenyewe. Hapo ndipo penye habari, na hapo ndipo mwanamke huyu alipokuwa akilala na kuamka kwa miaka minane.

Wakati ule Akulina alikuwa mpishi wa kantini ya mgodi. Aliishi na mama yake, bibi Yevdokia, katika nyumba namba tisa, chumba cha pembeni kabisa, chini. Bibi alikuwa na miaka themanini na minne, miguu haimtii tena, na hakulala bila blanketi tatu na koti. Chai ikimwagika kando ya kitanda chake iliganda kabla hujaleta tambara. Usiku alilia, si kwa sauti, alilia kama mtoto aliyekatazwa.

"Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya magogo," alimwambia binti yake, "imepakwa mavi ya ng'ombe, imezungushiwa theluji mpaka dirishani. Tulikuwa tunatokwa jasho. Nyie mmejenga juu ya vijiti kama kunguru. Ziba huko chini, mwanangu."

Na hakusema uongo. Wazee wetu walipaka mavi kila vuli, wakarundika theluji, wakalala wakiwa na joto lao. Lakini nyumba zile zilikuwa nyepesi, na pembe ikizama mtu alisukumia gogo chini yake, maisha yakaendelea. Namba tisa ilikuwa ghorofa mbili na familia kumi na mbili, na nguzo zake zilishikwa na kitu kimoja tu, barafu ya ardhini. Ardhi ya kwetu imeganda tangu enzi zisizo na wa kuzisimulia. Kiangazi huyeyuka dhiraa moja ya juu, basi. Maji yakiganda huvimba, yakainua hata nguzo ya zege kama jino linalong'olewa. Yakiyeyuka huachia, na kilichokuwa mwamba jana kikawa uji leo.

Mgodini kila mtu alilijua hilo. Kuta za mashimo zimeshikwa na barafu ileile, kwa hiyo theluji ikianza kuyeyuka mdomo wa mgodi hufungwa kwa milango miwili, na ole wake atakayeiacha yote wazi kwa pamoja akaingiza hewa ya joto. Atafukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Basi wanaume walewale waliofukuzana kwa ajili ya mlango walirudi nyumbani wakaziba uvungu na kumwaga maji ya moto ya vyombo dirishani. Binadamu bwana!

Aliyekuwa akipiga kelele siku zile hakuwa Akulina. Alikuwa Gavril, fundi wa kuchomelea mabomba ya maji moto yanayopasha nyumba zetu. Mtu mrefu, mpole, mwenye mikono isiyo na haraka. Kila fundi wa mgodi alikuwa na muhuri wa chuma wa kugonga namba yake kando ya kiungio alichokichoma, na namba ya Gavril ilikuwa kumi na saba. Watu walisema bomba lenye kumi na saba unaweza kumrithisha mjukuu. Kila vuli alipita nyumba kwa nyumba na maneno yaleyale: acheni upepo upite, jamani, acheni ardhi ilale na baridi yake.

Alikuwa jirani yao pia, juu, mlango wa pili. Alipofika kwa Akulina na kumuuliza, Akulina alimwambia, "Kaka Gavril, mimi niko kantini siku nzima, nitaziba saa ngapi?" Gavril akacheka, akaamini, akapanda kwake. Kizibo kilikuwa na mwezi mzima huko chini: mbao za makasha ya mashine, unga wa mbao, mavi ya farasi yaliyoganda, na theluji juu ikaficha kila kitu.

Bibi Yevdokia akapata joto. Hili nalo lisemwe, maana ni kweli. Aliacha kulia. Alitoa mguu nje ya blanketi, akachezesha vidole, akamwita binti yake aje kuona. Akulina akamwona mama yake akicheka, na katika kucheka kule akasahau kwamba joto lililokuwa likishuka sakafuni halikuishia kwenye vidole vya bibi. Mbao zikakaa majira mawili ya baridi na viangazi viwili, theluji ikiyeyuka zikifichwa kwa kuni zilizopangwa.

Mwezi wa tisa wa mwaka wa tatu, moto wa kupasha mabomba ukiwa umewashwa juzi tu, nguzo ya pembeni ya namba tisa ikazama shibiri mbili. Ilikuwa asubuhi, watu wanakunywa chai. Bomba kuu lililopita uvunguni likakatika, maji ya moto yakamwagika ardhini, mvuke ukapanda mpaka paa halionekani, na ukuta ukafunguka ufa kutoka chini hadi juu. Akulina alikuwa amekwisha kwenda kantini, na mlango wake ulibanwa haufunguki. Gavril alivunja dirisha, akaingia na soksi tu, akamweka bibi Yevdokia mgongoni na kumtoa. Alikatwa na kioo mkononi na hakujua mpaka alipoonyeshwa.

Watu wote walisalimika. Nyumba haikusalimika. Familia kumi na mbili zikalazwa kwenye ukumbi wa shule, na kila aliyekwenda kutazama aliona jambo moja: bomba limekatika, na kando ya mkato pamegongwa kumi na saba. Gavril alikuwa amekichoma kiungio kile miaka mitatu tu kabla. Wakasema, kumbe. Wakasema, hata yeye.

Tume ilikuwa ifike kutoka wilayani baada ya siku mbili. Asubuhi ya siku ya pili Akulina aliaga kwamba anakwenda kumtolea mama nguo, akaingia uvunguni mwa nyumba iliyopinda, akiwa peke yake, matope yakiwa vuguvugu magotini mwake. Alizitoa mbao moja moja. Mavi na unga wa mbao akavisambaza topeni kwa mikono. Kisha akaziburuta mbao hadi kwenye bafu la mvuke la mtaa na kuzitia ndani ya jiko lake, zikiwa zimelowa, zikitoa moshi mweusi. Kwetu moto hulishwa kabla mtu hajala, kipande cha chapati na siagi, na mbele yake hausemwi uongo. Akulina alifunga mlango wa jiko kwa goti, akageuza uso. Tangu siku ile aliulisha moto bila kuutazama.

Kwa nini alifanya vile? Alijiambia anamlinda mama, maana familia kumi na mbili zingemlaani bibi kizee aliyeomba joto. Kulikuwa na ukweli humo. Lakini kulikuwa na woga pia, woga mtupu wa mtu anayejua atanyooshewa kidole, na woga ndio ulioburuta zile mbao.

Tume ikaandika kwamba kiungio kilikatika, maji yakayeyusha ardhi, nguzo ikazama. Mambo yalikwenda kinyume kabisa: ardhi iliyeyuka kwanza, nguzo ikazama, ikalivuta bomba mpaka likakatika, na maji yakamalizia kazi. Lakini la kwanza lilikuwa limekwisha kuwa moshi. Walipomuuliza Gavril kama ana la kusema, alisema kama ni kiungio chake basi ni yeye. Akauweka muhuri mezani, akaweka na barakoa yake ya kuchomelea, akatoka. Tangu hapo alikata barafu ya mtoni na kuwapelekea watu majumbani, maji ya kunywa ya majira ya baridi. Moto wa kuchomelea hakuushika tena.

Bibi Yevdokia aliishi miezi mitano zaidi. Yeye alijua. Siku zake za mwisho alimshika binti yake mkono na kumwambia amwambie yule kijana, na Akulina akasema nitamwambia, mama. Angemwambia baada ya mazishi. Kisha akaona baada ya baridi ni bora zaidi. Kesho ikazaa kesho, na kila kesho ilikuwa nzito kuliko ile iliyoizaa.

Badala ya kusema akaomba kazi ya kutambaa, ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Alidhani kila ubao atakaong'oa utampunguzia kitu. Wapi! Kila alipowaonya watu walimjibu vilevile: "Akulina, namba tisa haikuwa na ubao hata mmoja na ilizama. Tatizo ni mafundi." Angewajibu nini? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa imefunga mdomo.

Basi mwaka huu, mwezi wa tatu, aliingia uvunguni mwa nyumba namba sita. Nyumba ndogo hiyo, ya Kyunney binti Gavril, anayeishi na baba yake na kichanga cha miezi miwili. Mume yuko zamu kwenye kambi ya mgodi. Mwaka jana ardhi ile ilikuwa nyuzi tatu chini ya sifuri. Sasa uzi ulipanda ukionyesha nusu tu chini ya sifuri. Akulina aliupangusa, akaushusha tena, ukapanda na nusu. Akasogea na taa hadi pembeni.

Kizibo kilikuwa kizuri. Mbao zimepigwa randa, zimekutana bila hata upenyo wa kupitisha kisu, na penye mwanya pameshindiliwa kuvumwani laini ya porini kwa utaratibu kama ushonaji. Mkono ule aliujua. Aliinua mtaimbo, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba ya kazi ile akashindwa kupiga. Alilala kwa ubavu pale chini akisikia hatua za mtu juu yake na mtoto akibembelezwa. Kisha akatambaa kinyumenyume, akatoka, akapiga hodi.

Alikaribishwa kama mgeni. Kyunney alimimina chai ya maziwa, akasogeza chapati na siagi. Gavril alikuwa amekaa karibu na jiko, mjukuu kwenye mapaja, anaimba kitu kisicho na maneno. Akulina hakugusa kikombe. Akasema kizibo kitoke leoleo, maana kufika vuli nguzo ile itakuwa imesimama kwenye uji.

Kyunney hakupenda. "Shangazi, juzi nepi imegandia sakafuni. Mtoto ana miezi miwili. Kwani wewe hujawahi kulaza mtu wako kwenye baridi?"

Akulina akakitazama kikombe. Kyunney akaona ameshindwa, akaongeza kwamba hata namba tisa alikokuwa akiishi yeye mwenyewe hakukuwa na kizibo, na iko wapi leo.

"Mwache, mwanangu," Gavril alisema. Akamgeukia Akulina akitabasamu, tabasamu la mtu anayemwondolea mgeni aibu. "Dada, mimi nilipiga kelele za mbao miaka ishirini. Kumbe wa kuogopwa nilikuwa mimi. Acha mtoto apate joto. Bomba la nyumba hii sikulichoma mimi, usiwe na wasiwasi."

Tabasamu lile ndilo lililomvunja. Kama angekasirika, Akulina angekasirika naye, wangegombana, angerudi kwake na siri yake. Lakini mtu yule alikuwa amemjengea mjukuu wake msiba kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu aliamini uongo wa Akulina, na alikuwa akimfariji aliyemdanganya.

"Namba tisa ilikuwa na kizibo," Akulina akasema. "Nilikiweka mimi, miaka miwili. Nilizichoma zile mbao kwenye jiko la bafu kabla wakubwa hawajafika."

Gavril aliendelea kumpapasa mtoto mgongoni, polepole, kana kwamba mkono haujasikia bado.

"Kwa hiyo nguzo ilitangulia," akasema.

"Ilitangulia."

"Bomba likafuata."

"Likafuata, kaka."

Gavril akamkabidhi Kyunney mtoto. Akapiga magoti, akavuta kitu kutoka chini ya kitanda chake, kimefungwa kwenye gunia la unga, akakiweka mezani katikati ya vikombe. Kilikuwa kipande cha bomba chenye urefu wa mkono, kilichokatwa kwa msumeno upande mmoja na kuvunjika upande wa pili, na kumi na saba imegongwa juu yake. Alikuwa amekiokota kwenye takataka siku walipoibomoa nyumba.

"Angalia mvunjiko," akasema. "Haukugusa kiungio. Umepita pembeni, kwenye chuma kizima. Miaka minane najiuliza, kiungio kibovu kinavunjikaje pembeni? Nikasema labda nilizidisha moto. Labda siku ile nilikuwa nawaza mengine. Labda mkono ulitetemeka na mimi sikujua. Nimejitafuta kosa mpaka nimejichoka." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kila wiki nakuletea barafu, Akulina. Unanipa chai. Ulikuwa unaweza kunitazama?"

"Nilikuwa natazama kikombe."

Alianza kumwomba msamaha, na neno lilikuwa limefika nusu Gavril alipoinua kiganja chake chenye kovu la kioo.

"Usiniombe kitu leo," akasema. "Hilo lichukue. Nimekaa nalo vya kutosha, sasa kaa nalo wewe."

Akavaa koti, akachukua mtaimbo wa Akulina mlangoni, akatoka. Baada ya muda mfupi walimsikia chini ya sakafu, mbao zinalia zikiachia misumari, moja, nyingine, nyingine. Kyunney alikuwa akimfunga mtoto blanketi la pili. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, mikono yote ilikuwa na kazi. Akulina akasimama pale kama mtu aliyesahau njia ya kutokea. Alitaka kumwambia binti yule kwamba baba yake ndiye aliyembeba bibi Yevdokia mgongoni akiwa na soksi tu, kisha akaona hana haki hata ya kumsifu. Akalibeba bomba akatoka.

Lilikuwa zito kama mtoto wa miaka miwili, na baridi yake ilipenya glovu mpaka vidole vikauma, halafu havikuuma tena. Njia ya nyumbani kwake inapinda kushoto baada ya duka. Akulina alifika dukani, akasimama, akabadilisha mkono, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya mgodi.

Ilikuwa siku ya kusikiliza watu, na foleni ilikuwa ndefu: mwalimu mkuu, yule mzee wa utani wa mume, akina mama wawili wa iliyokuwa namba tisa, vijana wa zamu. Walipomwona na chuma kifuani walidhani kang'oa kitu mahali, mmoja akamuuliza Panya leo kaiba bomba la nani. Akulina alipita mbele yao wote, akaingia kwa Innokenty, mkuu wa nyumba za mgodi, akaufunga mlango, akaliweka bomba juu ya karatasi zake na kumweleza kila kitu.

Innokenty ni kijana mwenye adabu. Alisikiliza mpaka mwisho, akamvutia kiti, akalitazama bomba kwa muda.

"Shangazi, haya ni ya zamani," akasema kwa upole. "Tume ilishafunga, nyumba ilishabomolewa. Kwa nini ujiharibie jina uzeeni? Hata Gavril mwenyewe alikubali."

"Alikubali kwa sababu mimi nilinyamaza," Akulina akasema. Hakukaa kwenye kile kiti. "Fungua mlango, baba, wale wa kwenye foleni wasikie."

Innokenty hakuinuka. Akulina akalibeba tena bomba, akaufungua mlango mwenyewe, akaanza kuwaeleza, kuanzia mbao.